Nimekichimbua Kikombe "Kinachooza" Baada ya Miezi 6 Shimoni

Haya jamani, karibuni tena. Sogezeni macho. Kikombe hiki cha juisi hakijatoka dukani, kimetoka shimoni. Nilikifukia kwenye mboji yangu Machi, masika hayajachanganya, na leo Septemba nimekichimbua mbele yenu bila kukata video. Angalieni, maandishi bado yanasomeka! "Kinaoza asilimia 100." Maganda ya ndizi niliyokizika nayo yalishakuwa udongo zamani, hata magunzi yamelainika. Chenyewe kinang'aa kama kinasubiri harusi.

Habari za ujazo na mfuniko siziongelei, kikombe ni kikombe. Kuna kitu kimoja nataka mkione kwa macho. Kipya hiki hapa, ndugu yake yule wa shimoni. Birika hili hapa, chai imetoka jikoni sasa hivi. Namimina... taratibu... mnaona kiuno kinavyolegea? Ngoja nisogeze kamera. Huyo! Kimekunjama, chai yote mezani. Mama ananiangalia hapo mlangoni. Nisamehe mama, ni kazi hii.

Sasa sikilizeni. Hii plastiki ni PLA, inatokana na wanga, mara nyingi wa mahindi. Ikikaribia nyuzi 60 inalegea. Na joto hilohilo lililokiangusha mezani ndilo inalolidai ili ioze! Mitambo mikubwa ya mboji hukaa kwenye nyuzi 58 hivi kwa wiki kadhaa, unyevu upo, hewa ipo, ndipo plastiki inakatika vipandevipande na vijidudu vinapata cha kula. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 iwe imeliwa ndani ya miezi 6, lakini kwa masharti ya mtambo. Mimi jana nimechomeka kipimajoto katikati ya lundo langu: nyuzi 34. Kikombe kimekaa humo miezi 6 kama mgeni aliyenyimwa chai.

Kinachoniudhi si kikombe, ni lile jani la kijani walilochora. Tangu tuage mifuko ya plastiki, rambo, Juni 2019, kila kitu kina jani! Na ukikitupa, gari la taka linakibeba pamoja na pampasi na mabaki ya ugali mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, hapa Dar. Huko nani atakipashia joto? Halafu msikiingize kwenye gunia la chupa za maji. Kwa macho vinafanana, ila hiki kinayeyuka mapema na kinaharibu mzigo wa watu.

Kabla sijasahau, tumebakiza watu 70 tufike 5,000. Bonyeza hapo chini, nikinunua maiki mpya mtaacha kulalamika kuhusu kuku wa jirani.

Mpinzani wa kikombe sasa. Kontena la makapi ya miwa, lile la kahawia la chipsi, nalo nililizika siku ileile. Nimechimba, nimechimba, nimepata kiukingo kidogo tu, kama ukucha. Hilo ndilo nalipenda! Ingawa chipsi mayai ikikaa sana mafuta yanapenya, nimeshachafua begi. Na bei nayo: mimi nimelipata kwa 500 moja, kikombe cha PLA 400, cha plastiki ya kawaida 150. Mama ntilie atachagua kipi? Simlaumu.

Nilikuja na hasira nikipe kikombe cha PLA sifuri. Lakini kwa juisi ya miwa yenye barafu kinashika vizuri, hakina harufu, na hakijatengenezwa kwa mafuta ya petroli. Nipeni hapa mjini mtambo unaokipokea, nakipa nane kati ya kumi. Leo nakipa tatu. Ukinunua, usisome jani, tafuta nembo ya OK compost HOME, hiyo ndiyo inayohusu lundo la nyumbani. Pale palipoandikwa INDUSTRIAL, ujue ni ya mtambo.

Hiki nakirudisha shimoni, nimeongeza samadi mbichi ya kuku tuone joto litapanda mpaka wapi. Mama, kitambaa cha kufutia meza kiko wapi?