Uzoefu wangu: filamu ya majaribio inayoitazama Acropolis kama mwili wa mwanamke

Ukiiwasha ukitarajia hadithi, utaizima mapema. Ni filamu fupi ya majaribio, haina mhusika wala mazungumzo. Picha za Acropolis, kilima chenye magofu ya mahekalu ya kale jijini Athens, Ugiriki, zinapishana na miili ya wanawake: mgongo kisha nguzo, ufa wa marumaru kisha kovu la upasuaji. Mwanzoni nilidhani ni ule ujanja wa kubandika vitu viwili pamoja na kumwacha mtazamaji ahangaike navyo. Sivyo, hoja ipo.

Parthenon, jengo kuu la kilimani, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, lilikuwa hekalu la mungu wa kike Athena Bikira. Baadaye likawa kanisa, likawa msikiti, Waosmani, watawala Waturuki, wakaweka baruti humo, na mwaka 1687 kombora la Wavenisi, jeshi la Venice, likalilipua. Ugiriki ilipojitawala, historia hiyo yote ya katikati ikawa doa. Majengo yaliyoongezwa kilimani yakabomolewa, hata mnara wa Wafaranki, watawala wa Zama za Kati kutoka Ulaya Magharibi, ukaangushwa katika miaka ya 1870, hekalu libaki jeupe kana kwamba halijawahi kuguswa na mtu. Filamu inaupanga usafishaji huo sambamba na picha kuukuu za mabibi harusi. Aliyekulia kwenye ukoo unaopima heshima yake kwa ubikira wa binti hahitaji maelezo.

Sehemu iliyonikalisha kimya ni ya Kariatidi, wanawake wa mawe wanaobeba paa la baraza ya Erechtheion, hekalu jingine la kilimani hapo. Walikuwa sita. Mmoja alichukuliwa na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, na yuko British Museum, London. Watano wamo katika jumba la makumbusho la Acropolis, na wanaosimama kilimani leo ni nakala. Kamera inawang'ang'ania shingoni, pale uzito unapotua, bila muziki, upepo tu unasikika. Nilianza kujinyoosha shingo yangu mwenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba wanawake hai wa nchi hiyo walipata haki kamili ya kupiga kura mwaka 1952. Filamu hailigusi hilo, na ni hasara, maana nafasi ilikuwepo.

Nafasi hiyo kapewa msimulizi. Anaingia nusu ya pili na sentensi ndefu za kinadharia kuhusu taifa na umbo, akitueleza tulichokwisha kukiona. Watalii nao wanachekwa kirahisi mno. Mtu kupiga picha mbele ya nguzo si dhambi.

Bado naipendekeza, hasa kwa anayejua kwamba mpiga picha wa Kigiriki aliyejiita Nelly's alizua kelele Athens kwa kumpiga picha mcheza dansi akiwa uchi kati ya nguzo za Parthenon miaka ya 1920. Mungu wa kike wa jiwe akivuliwa nguo ni urithi. Mwanamke mwenye damu ni kashfa. Naipa nyota nne, ya tano kaila msimulizi. Na uchi upo, tena wa karibu, kwa hiyo usiiweke sebuleni wakwe wakiwepo.