Kozi ya asili ya alfabeti: nyota nne, kwa sababu ya somo la nne

Tulipoanza chuo utotoni tulisomeshwa alifu kwa ujiti, lakini hakuna aliyetueleza kwa nini ujiti ule uitwe alifu. Hicho ndicho kilichonifanya nilipie kozi hii ya mtandaoni, na somo la pili lilinijibu kikamilifu.

Mwalimu anaonyesha sfinksi ndogo ya jiwe la mchanga (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) ambayo mwanaakiolojia Flinders Petrie aliikuta mwaka 1905 huko Serabit el-Khadim, Sinai, kwenye machimbo ya feruzi ya Wamisri. Kisha anafuata, alama kwa alama, jinsi Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Wamisri wa kale, alivyoyasoma maandishi yake mwaka 1916: nyumba, jicho, fimbo ya kuswagia ng'ombe na msalaba, na kila mchoro ukitoa sauti ya kwanza ya jina lake linapatikana neno Baalat, Bibi Mtukufu, mungu wa kike ambaye Wamisri walimwita Hathor. Nyumba hiyo ni beti, jina ambalo hata sisi tunalo ndani ya neno ubeti. Alifu yenyewe ni kichwa cha ng'ombe, ambacho kiligeuzwa na kurahisishwa karne baada ya karne hata ukabaki mstari mmoja uliosimama. Nilisimamisha video nikakichora mwenyewe, pembe kwa pembe.

Somo la nne ndilo lililonisikitisha. Linafundisha rai ya mtaalamu Orly Goldwasser, kwamba waliobuni alfabeti ni Wakanaani wa machimboni wasiojua kusoma Kimisri, kana kwamba shauri limekwisha kukatwa. Mimi mwenyewe naielekea rai hiyo, kwa kuwa maandishi yale ya Sinai hayana mwelekeo mmoja, jambo ambalo mwandishi aliyefunzwa asingelifanya kirahisi. Hata hivyo mtaalamu mwingine, Christopher Rollston, anashikilia kwamba wabunifu walikijua vyema Kimisri, na maandishi ya Wadi el-Hol, nayo ya alfabeti ya kale, yaliyogunduliwa na John na Deborah Darnell katika miaka ya 1990, yako mbali na Sinai, jangwani karibu na Luxor. Hayo hayatajwi kabisa. Wala hazitajwi silinda nne za udongo za Umm el-Marra, Syria, za takriban mwaka 2400 KK, ambazo mwanaakiolojia Glenn Schwartz anadhani zina alfabeti ya kale zaidi ya ile ya Sinai, ingawa bado hazijasomeka.

Nimewaandikia wenye kozi nikiomba somo hilo lirekodiwe upya. Wakifanya hivyo, nitaiongeza nyota ya tano.