Rada ya Garmin Xero C1 Pro: je, anayejaza risasi zake mwenyewe anaihitaji?

Ni chombo kidogo cha kupimia kasi ya risasi. Jibu fupi: kama una bunduki moja, unanunua risasi za dukani na hupigi mnyama aliye mbali zaidi ya yadi 300, weka pesa zako. Kama unajaza risasi mwenyewe mezani kwako na umechoka kukisia, nunua.

Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu bunduki ni ya askari wa wanyamapori, maana uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla sijazaliwa. Kuwinda nimejifunzia huku Idaho, Marekani, ambako aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975 hapewi leseni mpaka apite kozi. Bunduki yangu ni ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na ambayo hadi leo utaikuta kwenye duka la mji mdogo pamoja na maziwa na betri. Ningeweza kuishi na za dukani. Lakini nakipenda kichwa cha risasi (ile sehemu inayoruka) cha Nosler Partition cha greni 180, kile chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inaendelea kupenya. John Nosler alikibuni baada ya vichwa vyake vya kawaida kumwangusha mbele ya kulungu mkubwa wa misitu ya Kanada mwaka 1946. Risasi za kiwandani zenye kichwa hicho ni ghali, basi najaza.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: ganda lililokwisha kupigwa linatolewa fataki kuukuu (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), linarudishwa umbo ndani ya kalibu, shingo inakatwa ikiwa imerefuka, inaingizwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, halafu kichwa kinakandamizwa mpaka urefu unaoutaka. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja, kwa hiyo mizani ya mezani inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni, kitu kama miligramu sita na nusu. Vipimo vyangu vya baruti sitaviandika hapa. Kinachofaa kwenye mtutu wangu kinaweza kuwa hatari kwenye wako. Fungua kitabu cha aliyetengeneza baruti au kichwa, anzia kipimo cha chini, panda polepole. Na msomaji aliye Kenya ajue kwamba leseni ya kumiliki silaha si ruhusa ya kutengeneza risasi.

Shida ya kazi hii ni kwamba mezani unaona kila kitu isipokuwa kasi. Vifaa vya kupimia kasi vimekuwepo miaka mingi. Kuna vile vya macho mawili vinavyosimamishwa mbele ya bunduki, risasi ipite juu yake. Nilikuwa nacho kimoja, jina nalihifadhi. Wingu likipita, namba inaruka. Jua likiwa chini, hakioni kitu. Kukisimamisha unangoja wenzako wote waweke bunduki chini na bendera ipandishwe, utembee mbele na miguu yako mitatu ya chuma, ulenge vizuri nafasi yenyewe, urudi. Na usipoangalia utakipiga risasi, ndiyo maana kila uwanja wa shabaha una hadithi ya maskini mmoja na vipande vya plastiki. Kuna pia aina ya kufungwa kwenye mtutu wenyewe. Hiyo inasoma sawasawa, lakini ukining'iniza uzito kwenye mtutu shabaha inahama, hivyo huwezi kupima kasi na kupanga matundu kwenye karatasi kwa risasi zilezile.

Xero, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ni rada ndogo ya Doppler, yaani inatuma mawimbi na kusoma kasi kutokana na yanavyorudi kutoka kwenye risasi. Ina upana wa milimita 77, urefu wa 60, uzito wa gramu 104. Unaiweka mezani kando ya mtutu, nyuma kidogo ya mdomo wake, unachagua bunduki, unabonyeza kuanza, basi. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, tunayewinda pamoja, alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, “Kaka, hii ni redio?” Nikamwambia subiri. Nikapiga. Namba ikatokea kwenye kioo kabla sijainua bolti, yaani komeo la bunduki, naye akaacha kula karanga.

Haijali mwanga. Nimeitumia chini ya paa, jioni, na kwenye manyunyu. Haisumbuliwi na jirani anayepiga benchi ya pili, jambo ambalo kwa rada kubwa za zamani lilikuwa mtihani. Namba zinakwenda kwenye simu kupitia programu ya ShotView: kasi ya kila risasi, wastani, tofauti kati ya ya juu na ya chini, na ule mchepuko wa kawaida (kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ambao wajazaji wanaugombania usiku na mchana. Betri iko ndani na inachajiwa kwa waya wa USB-C. Haifunguliki, kwa hiyo ikichoka huna la kubadilisha, lifikirie hilo kabla ya kutoa pesa. Na inakupa kasi ya mwanzo tu. Anayetaka kufuatilia jinsi risasi inavyopunguza mwendo njiani atafute kitu kingine.

Sasa imenifaa nini hasa?

La kwanza, imenitoa kwenye ndoto ya pakiti. Risasi za dukani za greni 180 huandikwa futi 2,700 kwa sekunde, na kipimo hicho kwa kawaida hutoka kwenye mtutu wa inchi 24. Wangu ni wa inchi 22, na ulinipa kama 2,640. Watu wengi hapo huanza kununua vitu. Lakini fanya hesabu: bunduki iliyorekebishwa ipige katikati yadi 200, hizo futi 60 zinashusha risasi takriban inchi moja zaidi ukifika yadi 400. Inchi moja, kwenye kifua cha elki, kulungu mkubwa wa huku! Mkono wangu peke yake baada ya kupanda kilima unahama zaidi ya hapo. Tangu siku ile sijaongeza baruti kwa ajili ya kufukuza namba ya kwenye pakiti.

La pili ndilo lingenifanya nilipe hata kama mengine yasingekuwepo. Kasi ni mpashaji habari wa shinikizo. Kiwango cha juu cha .30-06 kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji silaha na risasi cha Marekani, ni 60,000 psi (ratili kwa inchi ya mraba), na mezani huna chombo cha kupima hilo. Una bolti inayoanza kuwa nzito, fataki iliyobapa, alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda, na dalili hizo huchelewa. Lakini kitabu kinakwambia baruti fulani, kwa kichwa fulani, kwenye kipimo cha juu kabisa hutoa kasi fulani. Ukiifikia kasi hiyo na kipimo chako bado kiko chini, usishangilie. Shinikizo limeshafika, iwe ni kwa sababu ganda lako lina nafasi ndogo ndani, au chemba yako, pale risasi inapokaa, imebana, au kichwa kimegusa mifereji ya mtutu. Ungali na nafasi kwenye mizani, lakini nafasi kwenye bunduki imekwisha. Simama hapo, shuka. Mtutu hautoi kasi ya bure.

La tatu ni joto. Hapa Agosti uwanjani ni nyuzi 35, na Novemba tunawinda maji yakiwa yameganda kwenye chupa. Natumia H4350, baruti ya Hodgdon inayotengenezwa Australia na inayosifiwa kwa kutobadilika na hali ya hewa. Nilizipiga zilezile kiangazi na baridi, na tofauti ikawa ndogo kiasi cha kutonisumbua. Zamani sifa hiyo nilikuwa naiamini kwa kuambiwa.

Kuna jambo moja nalitahadharisha, na si kosa la chombo. Rada hii ni rahisi mno kutumia, na urahisi huo unazaa wajuaji. Utaona mtu amepiga risasi tano, mchepuko umesoma futi 8 kwa sekunde, anapiga picha kioo, anatangaza amepata kipimo cha dhahabu. Kitakwimu, risasi tano zikikupa 8, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 5 na 23 hivi. Ukipiga kumi na ukapata 8 ileile, ukweli uko baina ya 5 na nusu na 15. Ndiyo maana kulinganisha vipimo viwili vya baruti kwa risasi tatutatu ni kuchoma baruti tu. Jirani yangu wa benchi, mzee mmoja wa Kimarekani aliyeanza kujaza kabla mimi sijazaliwa, hana rada na hataki. Yeye hujaza kipimo kimoja cha wastani, anapiga kumi kwenye karatasi moja, na kama tundu zote zinafunikwa na kiganja chake kwa yadi 200, msimu umeanza. Elki wake anampata. Nimemtetea mbele ya vijana zaidi ya mara moja.

Mimi nimefuata njia iliyo karibu na yake: vipimo vichache kutoka kitabuni, kumi za kila kimoja, naangalia karatasi kwanza, kasi baadaye, nachagua kile kilicho chini ya ukomo chenye tundu zilizokaa pamoja, nafunga daftari. Rada imenipunguzia kazi badala ya kuniongezea, maana najua mapema wapi pa kuacha.

Bei ya dukani ilipotoka ilikuwa dola 599. Kwa pesa hizo unapata mashine ya kukandamiza, mizani na kalibu, na chenji ya baruti juu. Kama bado huna hivyo, anza navyo. Kama unavyo na mko watatu au wanne mnaokwenda uwanja mmoja, changeni mnunue moja, kwa sababu hamuwezi wote kuipigia kwa wakati mmoja na siku nyingi italala kwenye begi. Yangu naiazimisha kwa sharti moja tu: irudi imechajiwa.