FamilySearch kwa ukoo uliotawanyika: inafaa, ila kwa mpangilio wetu

FamilySearch ni huduma ya bure ya kutunza mti wa ukoo, kwenye tovuti na kwenye programu ya simu iitwayo Family Tree. Kwa familia iliyotawanyika Tanga, Mombasa na Muscat, ni chombo cha thamani kubwa.

Kwanza ujue inavyofanya kazi. Walio hai huonekana, kwa kawaida, na yule aliyewaingiza tu. Marehemu huonekana na kila mtu. Kwa hiyo ndugu wasiojuana hukutana kwa marehemu. Muingize babu, kisha chukua namba yake ya utambulisho iliyo chini ya jina lake na uitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kila tawi lijiunge kwa namba hiyo. Wasipofanya hivyo, babu mmoja ataandikwa mara nne, Athumani huku, Othman kule, na kuwaunganisha baadaye ni kazi ya kuchosha. Tahajia zote ziandikwe kama majina mengine ya mtu yuleyule.

Mzee aliyeoa wake wawili aingizwe kwa ndoa mbili, na kila mtoto aongezwe chini ya ndoa ya mama yake. Hapa ndipo watu wanapofanya haraka, na watoto wote wanaishia kwa bi mkubwa.

Mwaka wa kuzaliwa usiubuni, wala usiweke Januari mosi kwa kila mtu. Uliza: Uhuru wa Tanganyika wa 1961 ulimkuta akinyonya au akichunga mbuzi? Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964? Vita vya Kagera vya 1978? Aliyekuwa mchunga mbuzi wa miaka minane wakati wa Uhuru amezaliwa karibu 1953. Andika mwaka kama makadirio, na kwenye kisanduku cha sababu eleza ulivyoupata.

Sehemu bora kuliko zote ni Memories, ya picha, hati na sauti. Faili moja haizidi MB 15, kwa hiyo mrekodi mama swali moja kwa rekodi moja: alivyoposwa, safari ya kwanza ya mjini, majina ya waliomlea. Sauti yake ina uzito kuliko tarehe zote za mti. Picha ya zamani itoe kwenye fremu, iweke karibu na dirisha, zima flashi, upige na mgongo wake, maana huko ndiko kuna mwandiko na muhuri wa studio. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, la sivyo inapungua ubora.

Kasoro zipo. Baba mdogo na mjomba inawaweka kapu moja. Na yeyote anaweza kubadilisha taarifa za marehemu, kwa hiyo bonyeza kufuatilia ukurasa wa mzazi ili ujulishwe.

Jambo zito zaidi: mmiliki ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake huwafanyia mababu zao waliofariki ubatizo kwa niaba. Wazee waambiwe kabla jina halijapandishwa. Wakikataa, rekodi zikae kwenye diski ya nje, na nakala kwa ndugu wawili wa miji tofauti.