PH4, Coast Composite, DH04 na mdzihana: mbegu za mahindi nilizopanda Malindi

Kama unalima ukanda huu wa Malindi na huna subira ya kusoma yote, jibu langu ni hili: PH4 kwa chakula cha nyumbani, DH04 mvua ikiwa ya wasiwasi, na mbegu ya mama mkwe, yaani mdzihana wa kienyeji, usiitupe. Wenye nafasi, kaeni niwaeleze kwa nini.

Shamba letu liko Ganda. Upande wa juu ni kichanga chekundu, maji yakinyesha asubuhi jioni huyaoni. Kule chini kwenye minazi udongo ni mweusi na mvua ikizidi hutuama. Tunapanda mahindi na kunde katikati, kama wenzetu wote. Haya ninayosema ni ya mkulima wa mvua, si wa bomba. Wa Jilore wanaovuta maji ya Sabaki wana hesabu zao.

Kila pakiti ya mbegu dukani ina picha ya hindi nono, meno yamejipanga hadi ncha. Picha siku hizi siitazami. Nageuza pakiti nyuma nitafute mambo mawili: mbegu imekusudiwa kupandwa mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, na inachukua muda gani kukomaa. Mengine ni maneno ya biashara. Jirani yetu aliletewa 614 na nduguye kutoka Kitale, akajua amepata dhahabu. Mbegu yenyewe haina kosa, lakini ni ya nyanda za juu, mita 1,500 kwenda juu, na inataka miezi sita au zaidi shambani. Sisi mvua ya mwaka, yaani masika, inaanza mwisho wa Machi au Aprili, inakolea Mei, na Julai ukiona wingu ni la kupita tu. Mabua yalipanda yakampita yeye mwenyewe kimo, shamba likapendeza hata watu wakasimama njiani kulitazama. Mbelewele ilitoka mvua ikiwa inaaga. Ng'ombe walishiba mwaka ule.

Mbegu za mwambao zipo, na si za juzi. Coast Composite ilitoka 1974, PH1 ikafuata 1989, kisha PH4 mwaka 1995. Zote ni kazi iliyofanyika kwa ajili ya joto na unyevu wetu huu, na kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na sasa ni KALRO, kina mkono wake hapo. Herufi P ya PH ni Pwani yenyewe. Zinapandwa kuanzia ufuoni hadi mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Kwa mvua yetu, hiyo minne ndiyo mwisho wa kamba.

PH4 ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, na kilichonivuta kwake si ukubwa wa hindi. Ni maganda. Hindi likikauka shambani, lishike nchani kwa vidole. Kwa PH4 iliyotunzwa vizuri utakuta maganda yamepita ncha na kujisokota yakabana, huwezi kupenyeza hata kijiti. Fukusi hawangoji mahindi yafike ghalani, wanaanza huku huku shambani, na mlango wao ni ile ncha. Maganda yakiwa mafupi, punje za mwisho zikachungulia nje, wewe unavuna ukifurahi kumbe umebeba mahindi na wageni wake.

Kuna mbegu moja chotara, kampuni yake siitaji, ambayo muuzaji mmoja wa agroveti mjini alinisifia sana. Ilitoa mahindi makubwa kuliko yote niliyowahi kuvuna, sikatai. Nilijaza magunia na moyo ukafurahi. Lakini ncha zilikuwa wazi, na mvua za mwisho ziliingia humo, mengine yakaota ukungu wa kijani. Kwa wasiojua, ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Yale yaliyobaki, kufika Ramadhani ukichota kwenye gunia unga unakudondokea kabla hujaenda kinuni. Osama alishapita. Osama ndiye yule dumuzi mdogo mweusi mrefu anayetoboa punje hadi ibaki ganda tupu. Wengine humwita Scania. Ukiona jina la mdudu ni la namna hiyo ujue amewatesa watu.

Na hapa ndipo mama mkwe alipopata la kusema. Yeye mahindi yake hayaweki gunia. Anayavuna na maganda yake, anayapanga uchagani juu ya meko, na moshi wa kila siku ndio dawa. Utaratibu huo unakwenda na hindi lenye maganda ya kubana peke yake. Mdzihana wake unakaa uchagani hadi mvua ya mwaka inayofuata. PH4 nayo imekaa vizuri, jambo ambalo alilikubali kwa shingo upande. Ile nyingine aliipindua mkononi, akaikwaruza punje kwa ukucha, akanirudishia. "Mwanangu, hii iuze kesho."

Mdzihana, kwa walio nje ya Kilifi, ni mbegu ya kienyeji ya Wagiriama. Ndugu yake ni mingawa, na zipo nyingine nyumba kwa nyumba. Hazina pakiti wala picha. Zinarithiwa. Punje ni ngumu, kinuni zinatoa unga mzito, na sima yake, mimi mwenyewe nasema, inashinda zote nilizozitaja hapa. Ukila na mchunga au samaki wa nazi utanielewa. Mavuno yake lakini ni kidogo, bua ni refu, na hapo ndipo kusi linapotuonea. Upepo wa Juni unapovuma shamba lililo wazi, mabua marefu yanalala kama mkeka. PH4 ni fupi kidogo, hindi limekaa chini zaidi kwenye bua, na mara nyingi inabaki wima pale mdzihana umelala. Tofauti hiyo inaonekana kwenye magunia, kwa sababu hindi lililolala chini ni la mchwa na panya.

Coast Composite nimeipanda kwenye kile kipande cha chini. Faida yake kubwa ni kwamba si chotara, kwa hiyo unaweza kuvuna, kuchagua mbegu na kupanda tena bila shamba kukusaliti msimu wa pili. Ukifanya hivyo chagua mahindi mengi kutoka katikati ya shamba, mbali na la jirani, usichukue machache makubwa tu. Ukijaribu hivyo kwa PH4 utaona msimu unaofuata mabua ya kila kimo na mahindi ya kila umbo, mavuno yameporomoka. Chotara inanunuliwa upya kila msimu, hapo hakuna ujanja. Kwa mtu ambaye Machi humkuta mfuko mtupu, ada za shule zimepita naye, Coast Composite ni mbegu ya heshima. Hailingani kimo na inatoa chini ya PH4, ila inakupa uhuru.

DH04 ni ya maeneo makavu, inakomaa mapema kuliko hizo zote, miezi mitatu au karibu na hapo. Hindi lake si kubwa. Mimi naipanda vuli, ambayo kwetu ni ya kubahatisha, na dada yangu aliyeolewa Marafa hataki kusikia nyingine. Kule bara mvua inapungua kila ukiiacha bahari. Wakati wa ule ukame mrefu wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, wengi kule hawakuvuna kitu, hata hiyo DH04. Palipodondoka mvua ya wiki chache, ni hiyo DH04 iliyotoa angalau ya kuchoma.

Viwavijeshi vamizi, wale walioingia Kenya 2017, hawachagui. Niliwakuta kwenye PH4, niliwakuta kwenye mdzihana. Kinyesi chao kwenye moyo wa mmea ni kama unga wa msumeno, ukikiona asubuhi usingoje jioni. Mama mkwe hutia mchanga na majivu kwa vidole, mmea mmoja mmoja, na kwa robo ekari inawezekana. Kwa zaidi ya hapo tafuta dawa na bwana shamba akuelekeze. Yeyote atakayekuuzia mbegu ya kawaida akikwambia haishambuliwi, mwachie mbegu yake.

Shemeji yangu analima ngano Narok, na tukikutana kwenye arusi hii ndiyo mada yetu, wake zetu na waume zetu wanatukimbia. Aina za ngano wanazo nyingi za kuchagua. Lakini yeye hasemi magunia kwanza, anasema kutu, ugonjwa wa ngano. Kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyoonekana Uganda mwaka 1998 na kutambulishwa 1999, ilivunja kinga ya ngano nyingi zilizokuwa zikitegemewa, na kituo cha Njoro kikawa ndipo ngano kutoka nchi chungu nzima zinapoletwa kupimwa kama zitaihimili. Aina aliyoisifia kwangu miaka ile sasa hapandi tena. Nikamwambia kwetu mbegu ya 1995 bado iko kazini, akacheka akasema tusubiri. Sisi unga wa ngano tunaujua kwenye mahamri tu, ngano yenyewe haiwezi joto hili, basi siendi mbali zaidi.

Kuhusu kununua. Pakiti ya kilo mbili haitoshi ekari, ekari moja inataka kama kilo kumi, ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja moja. Kabla hujatoa pesa, tafuta kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kikwaruze palepale kaunta, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 usubiri jibu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Niliwahi kumwona mmoja akikasirika, nikarudisha pakiti rafuni na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Mbegu za kupimwa kwa kibaba kutoka gunia lililo wazi, zenye rangi ya waridi ya kujipaka, sizigusi hata kwa bei ya bure.

Kwa wanaouza mabichi kwa wachomaji wa barabara ya ufuoni, shauri lenu ni tofauti na langu. Wao wanataka hindi refu na jororo, na maganda wanayatupa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hata ile yenye ncha wazi itawafaa.

PH4 naipa nyota nne. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya upatikanaji. Aprili wingu likishafunga, kila mtu wa Ganda, Kakuyuni na Gongoni yuko mjini kuitafuta, na ukichelewa utaonyeshwa mbegu za nyanda za juu na kuambiwa ni hali moja. Mimi nainunua Februari, wakati kaskazi bado linavuma na muuzaji ana muda hata wa kunikaribisha kahawa.