Rangi ya kucha: DBP au ATBC?

Kiangazi cha Dodoma, kwa upepo na vumbi lake, hakina huruma na kucha. Unatoka saluni Majengo ziking'aa, siku ya tatu ukimenya vitunguu unaona kipande kimebanduka kama ganda la karanga. Tatizo ni utando wenyewe wa rangi. Nitroselulosi, kemikali inayounda utando huo, ikikauka peke yake huwa ngumu na hukatika upesi, hivyo watengenezaji huongeza kilainishi ili ipinde pamoja na kucha.

Kilainishi cha zamani ni dibutili fthaleti, DBP. Kazi yake haina ubishi: utando unanyumbulika, na bei ni ndogo. Shida ni mwilini. Majaribio kwa wanyama yameonyesha inavuruga homoni na kudhuru viungo vya uzazi vya vitoto vya kiume vikiwa bado tumboni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 2004.

ATBC, yaani asetili tributili sitreti, asili yake ni asidi ya sitriki, ile inayolifanya limau kuwa chachu. (Usidhanie basi ni maji ya limau, hii ni kemikali ya kiwandani.) Inalainisha vizuri, na kwa ngozi ni mpole.

Mimi nachukua ATBC, hasa kwa mjamzito na kwa msusi anayepaka kucha za watu kutwa nzima. Ila fungua dirisha, maana ile harufu kali inatoka kwenye viyeyusho, yaani vimiminika vinavyoyeyusha rangi, na hivyo vimo kwenye chupa zote mbili. Chupa isiyo na orodha ya viambato, mrudishie muuzaji.