Glavu zilizoshika simu, kisha zikashika kidonda cha mama

Nilikusudia kukisifu kituo hiki cha afya. Hapa Pemba si haba kupata pahala ambapo foleni haichoshi, na mama yangu, ambaye maradhi ya sukari yamemwachia kidonda kisiginoni, amekuwa akisafishwa hapo tangu masika. Sifa hizo sizifuti. Lakini kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu unakataa kuandika mema.

Muuguzi alikuwa keshavaa glavu tulipoingia. Kwa glavu hizo hizo alivuta pazia, akafungua kabati, akaandika katika daftari, akapokea simu iliyokuwa ikilia mfukoni mwake na kuirejesha, kisha akainama kuifungua bendeji ya mama. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hukunawa mikono." Akanitazama kama niliyemtukana. "Baba, kwani huoni kama nimevaa glavu?" Nilipoitaja simu akaniuliza iwapo nami ni daktari. Mama akanibana mkono ninyamaze, nikanyamaza.

Mimi si daktari. Ila juu ya sinki, karibu na kichwa cha muuguzi yule, limebandikwa bango la mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kukaa mbele yake wiki baada ya wiki nimelihifadhi: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, vidole vipishane, migongo ya vidole isuguliwe, kidole gumba kizungushwe ndani ya kiganja cha pili, kisha ncha za vidole. Kwa kitakasa mikono cha spiriti ni sekunde 20 hadi 30, na kwa maji na sabuni kazi nzima ni sekunde 40 hadi 60. Nyakati za kufanya hivyo ni tano, na wa pili ni kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa, kama kusafisha kidonda. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa hata katika wakati mmoja kati ya hizo. Sisi tuliofunzwa udhu chuoni, tukikaripiwa kwa kuacha baina ya vidole pasipopita maji, hatuwezi kudai kuwa elimu hii ni ngeni. Mwaka 1847 huko Vienna, Semmelweis aliwataka wenzake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia kina mama wanaojifungua. Vifo vikapungua sana, na bado wako waliomchukia. Naye alikuwa daktari.

Usiku ule niliandika kuwa mtu asiende pale kamwe. Sikuyatuma, na nashukuru, kwa sababu safari iliyofuata tulipokewa na kijana aliyemwamkia mama "Shikamoo bibi", akavua saa, na kwa kuwa maji ya bomba yalikuwa yamekatika, akanawa kwenye ndoo yenye koki. Hakuviacha vidole gumba, ambavyo wengi huvisahau. Alijikausha kwa karatasi, akaifunga koki kwa karatasi hiyo hiyo. Alipokwisha kuitoa bendeji chafu akazitupa glavu, akajipaka kitakasa, akavaa nyingine ndipo akagusa kidonda, na yote hayo foleni ikiwa imefika barazani.

Basi nikakusudia kuwapa nyota nne. Lakini kadiri ninavyomsifu kijana huyu ndivyo ghadhabu inavyonirudia, kwa kuwa amenionesha kwamba ndoo ilikuwepo, sabuni ilikuwepo na bango lilikuwepo siku ile pia. Ukosefu wa maji ningeusamehe. Nimeziondoa mbili, na huenda kesho nikairejesha moja kwa ajili yake.

Wiki ijayo tunarudi. Nilimuuliza wa mapokezi kijana yule huwa zamu siku gani, akanijibu kuwa zamu hubadilika.